Ni Nani Aletaye Mtoto wa Kike?

Mazungumzo ya redio. Somo: Hesabu 27:1-11

Ukiwa na Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba. Humo utamkuta mtu aitwaye Selofehadi, wa kabila la Manase, aliyekufa jangwani akaacha mabinti watano, wala hakuacha mwana wa kiume hata mmoja. Majina ya mabinti hao yameandikwa: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Jina la mama yao halikuandikwa.

Nimemfikiri sana mama huyo. Biblia haituelezi maisha yake, lakini mtu yeyote aliyefanya kazi ya uchungaji kwa miaka kadhaa aweza kukisia. Mwanamke akizaa binti wa kwanza, watu hufurahi. Akizaa wa pili, husema, "Si neno, wa tatu atakuwa mvulana." Akizaa wa tatu, nyumba hunyamaza. Wa nne akizaliwa, mume huanza kuchelewa kurudi nyumbani, mama mkwe huacha kula chakula kilichopikwa na mkaza mwana wake, na wazee humwita mwana wao kando na kumwambia kwamba boma lake halina mrithi, basi na atafute mke mwingine ambaye "anajua kuzaa". Nimesikia mama wa watoto watano akisemwa mbele ya watu kwamba hana mtoto. Na wasemao hivyo si wapagani. Ni watu wanaopiga magoti pamoja nasi kwenye Meza ya Bwana.

Ndugu zangu, amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Leo nataka kuonyesha ya kuwa maneno hayo ni ushuhuda wa uongo. Sitasema kwa ajili ya huruma tu, ingawa huruma ingetosha. Nitasema kwa elimu ambayo imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, na ambayo watoto wetu hufundishwa shuleni katika somo la elimu ya viumbe, nasi wazazi hatuwaulizi wamejifunza nini.

Tangu zamani watu wametaka kujua kwa nini huyu ni mvulana na yule ni msichana. Wengine kati ya Wayunani walidhani kwamba upande wa kuume wa mwili huleta wana na upande wa kushoto huleta mabinti. Aristotle, mwenye hekima wao mkubwa, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo, alifundisha kwamba ni jambo la joto: joto la mume likishinda, mtoto huwa wa kiume, likishindwa, huwa wa kike. Kwa hiyo yeye alimhesabu mwanamke kuwa kama mwanamume aliyepungukiwa. Nasi pia tunayo yetu. Wako wanaohesabu siku za mwezi, wako wanaomlaza mke ubavu fulani, wako wanaochemsha mizizi. Hakuna hata moja ya dawa hizo za mizizi iliyothibitishwa kuwa inaweza kugeuza mtoto. Muuzaji wake hupatia mara moja katika kila mara mbili, na mara hiyo moja humtosha kuwa na sifa katika tarafa nzima.

Na msidhani kwamba wenye vyeo walikuwa na akili zaidi. Sisi Waanglikana tunajua, au tungepaswa kujua, habari za Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Alimwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509. Mama huyo alichukua mimba mara nyingi. Alimzaa mwana mwaka 1511, akafa kabla ya kutimiza miezi miwili, na aliyebaki hai ni binti mmoja, Mary, aliyezaliwa mwaka 1516. Mfalme alitaka mrithi wa kiume. Akataka ndoa ibatilishwe, Papa akakataa, na mwaka 1534 Bunge la Uingereza likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la nchi ile. Sisemi kwamba Matengenezo ya Kanisa yalitokana na jambo hilo peke yake, maana yalikuwako mambo mengine makubwa ya imani. Lakini lilikuwamo, wala hatuna sababu ya kulificha. Mke wa pili, Anne Boleyn, alimzaa Elizabeth mwaka 1533. Asipopata mwana, akakatwa kichwa mwaka 1536. Ni kweli alishtakiwa mambo mengine, lakini kama angalikuwa na mwana mkononi, ni vigumu kuamini kwamba angaliuawa. Mke wa tatu, Jane Seymour, alimzaa Edward mwaka 1537, naye akafa baada ya siku chache tu.

Basi, je, aliyekuwa akileta mabinti katika nyumba ile ya kifalme ni nani? Tutajibu sasa hivi. Nisikilizeni polepole, maana jambo lenyewe si gumu.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, kama vile ukuta unavyojengwa kwa matofali. Katikati ya chembe pana kiini, na ndani ya kiini pana nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Neno hilo limetoka katika Kiyunani, nalo lina maana ya kitu kinachoshika rangi, kwa sababu wataalamu walipotia rangi katika chembe na kuitazama kwa hadubini, nyuzi hizo ndizo zilizokolea. Katika nyuzi hizo Mungu ameweka maagizo ya jinsi mwili utakavyojengwa: kimo, rangi ya ngozi, umbo la pua ya babu. Kila agizo huitwa jeni.

Mtu ana kromosomu 46, nazo hukaa mbili mbili, jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Hesabu hiyo yenyewe ilichukua muda kupatikana. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vilisema ni 48, na wanafunzi wakatazama katika hadubini na kuona 48 kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Ni mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java, pamoja na mwenzake Albert Levan, walipotangaza kutoka Sweden kwamba ni 46. Nayataja haya ili tuone jinsi watu wenye elimu nao wanavyoweza kuendelea kusema jambo lisilo kweli, mradi wote wanalisema.

Jozi 22 kati ya hizo 23 ni sawa kwa mwanamume na mwanamke. Ile ya mwisho ndiyo yenye tofauti. Mwanamke ana kromosomu mbili zinazofanana, zinazopewa jina la herufi X. Mwanamume ana X moja, na nyingine iliyo ndogo zaidi, kama theluthi ya hiyo X, iitwayo Y.

Aliyeligundua jambo hili kwa hakika alikuwa mwanamke, tena mwalimu wa shule. Jina lake Nettie Stevens, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1861. Alifundisha na kuweka akiba ya mshahara wake, akaingia chuo kikuu akiwa amefikisha umri wa miaka thelathini na mitano, wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wakifikiri kuoza watoto. Hakuchunguza wafalme. Alichunguza mdudu wa kawaida kabisa, yule anayeharibu unga ghalani. Akaona kwamba jike ana kromosomu 20 kubwa, na dume ana 19 kubwa na moja ndogo. Mayai yote ya jike yalikuwa na kubwa kumi. Lakini mbegu za dume zilikuwa za namna mbili: nusu zilikuwa na kubwa kumi, na nusu zilikuwa na kubwa tisa na ile ndogo moja. Yai likipata mbegu ya namna ya kwanza, hutoka jike. Likipata ya namna ya pili, hutoka dume. Akaandika hayo mwaka 1905. Mwaka huo huo mtaalamu mwingine, Edmund Wilson, alifikia neno hilo hilo kwa kuchunguza wadudu wengine, na kwa miaka mingi sifa nyingi zilimwendea yeye. Bibi Stevens alifariki mwaka 1912, kazi yake ya utafiti ikiwa bado changa.

Sasa tutoke kwa mdudu tuje kwa mtu. Fikirini vikapu viwili. Kikapu cha mama kina mahindi matupu. Kikapu cha baba kimechanganywa, nusu mahindi na nusu maharagwe. Kila mtoto anapotungwa, mama hutoa punje moja, na baba hutoa moja. Mama hutoa hindi, maana hana kingine. Baba akitoa hindi, mtoto ni wa kike. Baba akitoa haragwe, mtoto ni wa kiume. Haya, mwaka ukipita, na mwingine, na mwingine, nyumbani kukawa na mahindi kwa mahindi tu, je, utakwenda kumgombeza mwenye kikapu cha mahindi kwa kuwa hakutoa maharagwe? Atayatoa wapi?

Ndivyo ilivyo. Yai la mama lina X siku zote. Mbegu za baba, nusu zina X na nusu zina Y. Jambo la mtoto kuwa wa kike au wa kiume linaamuliwa na mbegu ya baba, saa ile ile mimba inapotungwa. Mfalme Henry aliwafukuza na kuwaua wake zake kwa jambo lililotoka katika mwili wake mwenyewe.

Nawasikia akina mama wengine wakipiga vigelegele jikoni. Ngojeni kidogo. Sikusema haya ili lawama iondolewe kichwani pa mke na kuwekwa kichwani pa mume. Mbegu zinazotoka kwa mume mara moja ni mamilioni mengi, na moja tu ndiyo inayoingia katika yai. Mume hazioni, hazichagui, wala hawezi kuiambia hii itangulie na ile ibaki. Anatia mkono kikapuni akiwa amefumba macho. Basi mume asiyepata mwana hakufanya kosa, wala hakulogwa, wala hana upungufu wa nguvu za kiume. Nalisema hili kwa sababu najua wako wanaume wanaosimangwa na rika zao kwa jambo hili, nao huyarudisha masimango hayo nyumbani kwa mkono na kwa mdomo.

Wengine watauliza: kama ni nusu kwa nusu, mbona fulani ana mabinti watano? Je, si ingempasa kupata mchanganyiko? Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Rusha shilingi juu mara tano. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Mimba nayo haikumbuki ile iliyotangulia. Kila mara ni kama mwanzo. Nafasi ya watoto watano kuwa wasichana wote ni karibu moja kati ya thelathini na mbili. Chukua mtaa wenye nyumba 320, kila nyumba ina watoto watano. Tazamia kwamba nyumba kama kumi zitakuwa na wasichana watupu, na nyumba nyingine kama kumi zitakuwa na wavulana watupu. Hakuna aliyefanya dhambi katika nyumba zile ishirini. Lakini angalieni: zile kumi za wavulana hualikwa kutoa ushuhuda, na zile kumi za wasichana huombewa ziondolewe laana. (Ulimwenguni kote, kwa hesabu kamili zaidi, wavulana wanaozaliwa huzidi wasichana kidogo, kama 105 kwa kila 100. Tofauti hiyo haigeuzi maneno yangu.)

Na hiyo Y hufanya kazi gani? Hili lilifahamika baadaye sana. Mtoto tumboni, mpaka kama juma la sita, hawezi kutofautishwa kwa viungo vyake vya uzazi. Ana mwanzo wa namna zote mbili. Kisha jeni moja iliyo katika Y huamka, na kutoa amri kwamba sehemu ile iwe korodani. Korodani hizo nazo hutoa homoni zinazoendelea kuujenga mwili wa kiume. Jeni hiyo ilitambuliwa huko London mwaka 1990, ikapewa jina SRY, na mwaka uliofuata wataalamu wakaitia katika panya mwenye X mbili, naye akakua dume. Jeni ile isipokuwapo, hutengenezwa ovari za kike. Na hizo ovari nazo zina jeni zake za kuziamuru, kwa hiyo yule mzee Aristotle alikosa: binti si mvulana aliyepungukiwa na kitu. Ana ujenzi wake aliowekewa na Muumba.

Tena tusiitukuze mno hiyo Y. Ni ndogo. Wataalamu walimaliza kuisoma yote, tangu mwanzo hata mwisho, mwaka 2023, na jeni zake zenye kazi ni kama mia moja tu, hali X ina zaidi ya mia nane. Hakuna mwanamume awezaye kuishi bila X, na hiyo X yake moja ameipokea kwa mama yake. Mtu ajivunaye uume wake na aketi chini kidogo alifikiri hilo.

Sasa nina neno kwa akina nyanya, nao wanivumilie. Mama mkwe mpendwa, fuata X yako ilikokwenda. Mwanao wa kiume alipozaliwa, alipokea X kutoka kwako, na Y kutoka kwa mumeo. Sasa mwanao ameoa. Akipata mvulana, anampa ile Y ya mumeo. X yako haikwenda kwa mjukuu huyo. Lakini akipata msichana, anampa ile X aliyoipokea kwako, kwa maana hana nyingine. Kila binti wa mwanao amebeba kitu chako, tena kimefika kwake karibu kama kilivyotoka kwako. Wagikuyu, kwa mfano, humpa binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Wazee wale hawakuwa na hadubini, lakini jina walilitoa mahali pake. Basi nyanya anayemtazama mjukuu huyo na kusema, "Huyu naye ni wa nini?", anajiuliza habari zake mwenyewe.

Msikilizaji mkulima ataniambia: Mchungaji, na kuku je? Swali zuri. Kwa kuku mambo yamegeuzwa. Jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, na tembe ndiye mwenye mbili zisizofanana; kwa hiyo tembe ndiye anayeamua kifaranga awe jogoo au tembe. Kwa mamba wa mito yetu, na kwa kasa wanaotaga katika mchanga wa pwani, si kromosomu kabisa, bali ni joto la kiota. Kasa mchanga ukiwa wa moto zaidi, hutoka wengi wa kike. Mungu hakujifunga kwa njia moja. Ila mwanadamu si kuku, wala usichukue mfano wa banda la kuku kumhukumu mkeo.

Liko jambo lingine ambalo singependa kulipita, ingawa watu wengi hulisema kwa kunong'ona. Wako watoto wachache ambao kromosomu zao au miili yao haikufuata njia hizi mbili nilizozieleza. Msichana mmoja kati ya 2,500 hivi huzaliwa na X moja tu. Huwa mfupi, na mara nyingi hawezi kuzaa. Mvulana mmoja kati ya mia sita au mia saba huzaliwa na X mbili na Y moja, na wengi wao hawajui mpaka wakioa na kukosa mtoto. Mambo hayo mawili yalithibitishwa mwaka 1959. Wengine wana X na Y lakini mwili hausikii zile homoni, basi hukua kwa umbo la kike. Na wengine huzaliwa, mkunga akatazama, asiweze kusema ni mvulana au msichana. Kiswahili cha pwani kina jina la watu hao tangu zamani, huntha.

Katika nchi yetu watoto hao walifichwa nyuma ya nyumba, na wengine walitendewa mabaya ambayo sitayataja katika kipindi ambacho watoto wanasikiliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Nami naamini wengi zaidi hawakujitaja. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawataja na kuwalinda. Sheria ya nchi imetangulia makanisa mengi katika jambo hili, na hilo si la kujivunia. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 19, anawataja wale waliozaliwa tofauti tangu matumboni mwa mama zao, na anawataja bila kuwalaumu. Mzazi aliyepewa mtoto wa namna hiyo asimpeleke kwa mganga, wala asimwache nyumbani siku ya Ubatizo. Ampeleke hospitali kwa daktari wa watoto, tena asikubali kuharakishwa. Na ampeleke kanisani. Kasisi anayebatiza huuliza jina la mtoto, haombi kuonyeshwa zaidi.

Turudi kwa mabinti wa Selofehadi, maana habari yao haikuishia katika kuzaliwa. Baba yao alipokufa, desturi ilikuwa kwamba urithi huenda kwa wana. Basi shamba la baba lingekwenda kwa wengine, na jina lake kufutika. Wale dada watano hawakulia nyumbani. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakuwa na mwana. Tazameni Musa alifanya nini. Hakuwafukuza, wala hakujibu kwa desturi. Aliwapeleka mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki, wapewe urithi. Iliandikwa iwe sheria kwa Israeli.

Yako mashamba mengi katika wilaya zetu ambayo mjane na mabinti zake wamefukuzwa kabla ya majani kuota juu ya kaburi la baba. Shemeji hufika na kusema, "Ndugu yangu hakuwa na mtoto." Katiba ya mwaka 2010 inakataza kubagua mtu kwa kuwa ni wa kike, na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikutofautisha mwana na binti katika kugawa mali ya mzazi aliyefariki bila wosia. Mjane aliyeelezwa vingine na aende kwa chifu akapate barua, kisha aende mahakamani, na mchungaji wake amsindikize. Mimi ningependa wazee wa kanisa waijue sheria hii kama wanavyoijua hesabu ya sadaka.

Na wewe baba mwenye mabinti, usingoje mpaka ufe ndipo mke wako aanze kupigana vita hivyo peke yake. Andika wosia ungali na nguvu za kushika kalamu, uwataje mabinti zako kwa majina, mmoja mmoja, uweke sahihi mbele ya mashahidi wawili. Na siku ndugu zako watakapokuja kukushauri juu ya mke wa pili, usimwache mke wako ajibu akiwa jikoni. Jibu wewe. Waambie habari ya kikapu cha mahindi na maharagwe. Kama hawaelewi, mwite binti yako aliye sekondari, awachoree chini kwa kijiti.

Ukisoma mbele, katika Yoshua sura ya kumi na saba, utawakuta tena wale dada watano. Musa amekwisha kufa, vita vimepita, nchi inagawanywa. Wanakwenda kwa Yoshua na Eleazari, wanakumbusha ahadi, na wanapewa mashamba yao kati ya ndugu za baba yao.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyetujua tungali hatujazaliwa, twamwombea mama aliye katika uchungu saa hii, hospitalini au nyumbani, na mume wake anayengoja nje. Umpe mkunga mikono yenye utulivu. Na mtoto atakapolia, wampokee. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.